Pointi ya mtu wa mwisho

Mtoto wa dadangu alinipigia saa sita usiku kuniuliza swali lile lile alikuwa ameniuliza saa kumi jioni, na kabla ya hapo asubuhi nikiwa ndani ya mathree pale Jogoo Road tumekwama kama kawaida. Anko, kwani unaona nitaingia? Ako na A- ya pointi 76 kwa KCSE, ule mtihani wa mwisho wa sekondari, anataka udaktari, anataka kusomea hapa hapa Nairobi, na kozi anayoitaka mwaka uliopita ilifunga nusu pointi hivi juu ya hesabu aliyojipigia kwa simu. Nusu pointi. Amekuwa akiiangalia hiyo nusu venye mpangaji huangalia ufa kwa ukuta, kila akiamka anaona ni kama umeongezeka.

Nyumba nzima imeshikwa. Dadangu hapiki vizuri siku hizi, chumvi ama imezidi ama haiko. Shemeji ndo amenichekesha, ameanza kutafuta mtu. Hajui mtu wa nini, lakini Nairobi ukiwa na shida si unatafuta mtu, kwa hivyo anapigia watu aliosoma nao miaka ya tisini akiwauliza kama kuna mtu wanamjua kule. Kule ni wapi hata yeye hawezi kukwambia, maana wanaopanga watoto siku hizi ni KUCCPS, ile taasisi ya serikali inayogawa nafasi za vyuo, na kazi inafanywa na kompyuta, na kompyuta hainywi chai.

Sasa kuna kitu kimoja kinanikera kwa haya maongezi yote ya kwao, na si kwao tu, ni kila nyumba yenye mtoto wa fom foo hii Nairobi kuanzia matokeo yakitoka hadi siku ya kuitwa. Wote wanaongea juu ya ile pointi ya mwisho, ile tunaita katofu, kama kitu kilichojengwa kwa mawe. Kama geti lenye urefu fulani, ukifika unapimwa, ukiwa mfupi unarudi nyumbani. Mtoto anaamini kabisa kwamba mahali fulani kuna profesa ameketi akasema daktari wa nchi hii hawezi kuwa chini ya pointi kadhaa, na yeye, kwa nusu pointi, hajatosha kuwa daktari.

Hakuna huyo profesa. Kozi inatangaza nafasi zake, mathalan hamsini, mia, mia tatu. Walioiomba na wametimiza masomo yanayotakiwa wanapangwa kutoka juu kushuka chini. Nafasi zikiisha, aliyekalia kiti cha mwisho, pointi zake ndo zinaandikwa kwa websaiti, na hiyo ndo katofu. Yaani inajulikana mlango ukishafungwa.

Mtu wa Umoja anayeenda kazi tao atanielewa haraka. Jana ulifika steji saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, ukapata kiti cha mwisho kwa mathree ya kwanza. Ukienda kuambia jirani kwamba hiyo gari lazima ufike kumi na mbili na dakika kumi, umemdanganya bila kukusudia. Kesho mvua ikinyesha watu wote watatoka mapema, atafika na dakika tano akute imejaa. Siku ya holidei atafika saa moja kasoro akute kondakta bado anaita. Dakika kumi ilikuwa habari ya jana, ya watu wa jana.

Na shida inazidi kwa sababu jirani zako wote wamesikia hiyo habari. Vijana elfu na elfu wamefungua ukurasa mmoja, wanaangalia namba moja, kila mmoja anaamua aombe ama akimbie kulingana na venye anadhani wengine wataamua. Kozi ikipanda sana mwaka huu, wenye roho nyepesi wanaiogopa mwaka ujao, inashuka, halafu anayefuata anaona imeshuka, wote wanarudi. Hii unaiona zaidi kwa kozi ndogo. Kozi ya watu thelathini, wanafunzi watano tu wenye A wakiamua kuingia ama kutoka, mstari unaruka. Kozi ya watu mia tatu haishtuki hivyo. Kwa hivyo namba ya mwaka mmoja wa kozi ndogo haikwambii mengi, na bado nimeona watoto wakiichukulia kama aya ya Bibilia.

Nikamwambia mpwa wangu, njoo tukae chini na kalkuleta, maana nusu ya hofu yako ni hesabu na hesabu inaisha kwa dakika kumi. Unachukua yale masomo manne ya klasta, yaani yale kozi yako inayaangalia zaidi, juu kabisa ni pointi 48, unagawanya zako kwa 48. Unachukua jumla ya masomo saba, juu kabisa ni 84, unagawanya zako kwa 84. Unazidisha hizo mbili, unatoa ruti, ile ruti ya fom wan, halafu unazidisha kwa 48. Yeye ako na 44 kwenye klasta na 76 kwa jumla, kwa hivyo inatoka 43.7. KUCCPS wenyewe wanaangalia pia venye watahiniwa wa mwaka huo walifanya kwa jumla, ndo maana namba yao huwa haifanani pacha na ya simu yako, na hapo tayari unaona mtu analilia nusu pointi ya hesabu ambayo hata si ile ya mwisho.

Lakini icheze kidogo uone tamu yake. Kemia yake ni A-. Ingekuwa A, hiyo 43.7 ingekuwa 44.5 na saa hii angekuwa amelala. CRE yake pia ni A-, na hiyo nayo ingepanda hatua moja angefika 44.0 tu, maana CRE haiko kwa klasta ya udaktari, inasukuma ile jumla peke yake. Kwa hivyo usingizi wote unaopotea kwa hiyo nyumba ni tofauti ya A na A- kwa karatasi za Kemia, na A na A- zinaweza kutenganishwa na maksi moja. Maksi moja! Pengine ni ile ya praktiko, rangi ilibadilika kwa chupa akaandika samawati isiyokolea na msahihishaji alitaka neno lingine. KCSE inajua sana kutenganisha aliyesoma na asiyesoma. Kutenganisha 43.7 na 44.2 haijui, haijawahi kuahidi kwamba inajua, ni sisi tumeipa hiyo kazi kwa sababu viti ni vichache na lazima mstari uchorwe mahali.

Wacha niseme pia kuhusu wanaokosa kozi bila hata kufikishwa kwenye pointi, kwa sababu hao hakuna anayewaongelea. Mtoto ako na A- safi, anaota kuwa injinia, na Fizikia aliiacha akichagua masomo mwisho wa fom tuu kwa sababu mwalimu alikuwa mkali. Ama mwingine anataka sheria, na Kiingereza na Kiswahili zote ziko chini ya B. Kwake huyo pointi za klasta ni hadithi, mlango ulifungwa zamani na yeye mwenyewe ndo aliufunga akiwa na miaka kumi na sita bila mtu kumwambia. Ningekuwa na uwezo, hofu yote ya Januari ningeihamisha niipeleke fom tuu, huko ndo ingesaidia.

Mimi ni wa 2016. Wa mwaka wangu wakisoma hapa wameshajua naenda wapi.

Tarehe 29 Desemba, watu wako ushago bado wanamalizia nyama ya Krismasi, Matiang'i, waziri wa elimu wa wakati huo, akatokea kwa TV na matokeo ambayo hakuna mtu aliyatarajia kabla ya mwaka kuisha. Huo ndo mwaka walimu wakuu walifanywa wasimamizi wa vituo, makontena ya karatasi yakalindwa kama pesa za benki, Magoha akiwa mwenyekiti wa KNEC, baraza la mitihani. A nchi nzima zikawa 141. Mwaka uliotangulia zilikuwa zaidi ya 2,600. Waliopata C+ kwenda juu wakashuka kutoka karibu laki moja na elfu sabini hadi 88,929. Mimi mock nilikuwa nimepiga A-, na sasa simu inaniambia B. Nililia nyuma ya zizi hadi shosho akatoka kuuliza nani amekufa.

Halafu zikaja barua za vyuo. Kozi ya uchumi niliyokuwa naiota, ambayo kijana wa shule yetu wa mwaka uliotangulia aliikosa na B+ yake, mimi na B yangu nikaipata. Nilikaa na hilo jambo siku nyingi bila kulielewa, nikidhani kuna mahali wamekosea jina. Lakini ukifikiria ni rahisi tu. Gredi zilianguka na viti havikupungua. Wote tulishuka pamoja, na mstari ukashuka na sisi. Kwa mara ya kwanza kila aliyekuwa na C+ akawa na nafasi ya serikali, na parallel, ile ya kujilipia karo yote mwenyewe, iliyoanza Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1998 na ikanenepa kwa pesa za waliokosa kwa pointi moja mbili, ikaanza kukosa wateja. Kwa hivyo B yangu ilikuwa gredi mbaya kwa jirani na gredi nzuri kwa kompyuta, na kati ya hao wawili ni mmoja tu aliyekuwa na kiti cha kunipa.

Wazazi wetu nao wako na yao. Kabla ya KUCCPS kuletwa na sheria ya vyuo vikuu ya 2012, kulikuwa na JAB, bodi iliyokuwa ikifanya kazi hiyo hiyo, na enzi hizo idadi ya wanaoitwa na serikali ilienda na vitanda vya hosteli. Vitanda, jamani. Yaani mtu amefikisha C+ inayokubaliwa na sheria kuingia chuo kikuu, na anaachwa nje kwa sababu magodoro yameisha. Wangapi wako mitaani saa hii wanaamini hawakuwa na kichwa, na ukweli ni kwamba serikali haikuwa imejenga bweni? Dadangu ni mmoja wao, na ndo maana nadhani chumvi inazidi.

Saa hii tumegeuka tena, na huku ndo watu hawaangalii. KCSE ya 2024 ilikuwa na watahiniwa 962,512, na waliopata C+ kwenda juu walikuwa 246,391. Robo na kitu. A zikawa 1,693. Tangu 2023 gredi ya jumla inahesabiwa kwa Hesabu, lugha moja na masomo mengine matano uliyofanya vizuri zaidi, kwa hivyo somo lililokuwa linakuvuta chini unaliacha pembeni. Mimi sina shida na hiyo, mtoto aliyeangushwa na insha ya Kiswahili miaka yote pia ni mtoto wa mtu. Ila gredi ni kama noti. Elfu moja ni ile ile ukiangalia picha, lakini nenda nayo dukani uone inabeba nini mwaka huu. A- ya mpwa wangu imesimama kwa foleni yenye A- nyingi kuliko za 2016, na shemeji akianza na ile yake ya sisi zamani na B+ watu walikuwa wanasomea sheria, namuomba tu apunguze sauti ya TV.

Kuna rafiki yangu mtoto wake anaomba vyuo vya Marekani na nilimuonea huruma ya aina nyingine. Huko chuo kama Harvard kinachukua chini ya watu 5 kwa kila 100 wanaoomba, na hawaangalii gredi peke yake, wanataka insha, barua za walimu, umecheza nini, umesaidia nani. Ukikataliwa hujui ni kwa nini, unabaki unajichunguza kama umeachwa na mpenzi. Sisi hatuna hayo. Hakuna anayeuliza mpwa wangu kwa nini anataka kuwa daktari, na mimi nikifikiria sana naona hilo nalo ni ajabu, lakini angalau kila kitu chake kimeshafungwa. Masomo yake hayabadiliki tena, nafasi za kozi zimetangazwa. Kitu pekee ambacho hakijulikani ni vichwa vya wengine, wale wenzake elfu kadhaa wenye A na A- ambao nao wako macho saa sita usiku wanauliza maanko zao. Hofu yake yote, ukiikamua, inabaki hapo. Anaogopa watu ambao wanamuogopa yeye.

Na kwa sababu kitu hakijulikani, wauzaji wamejaa. Kuna grupu za wasapu zinazouza katofu mpya za mwaka huu kabla kozi hazijapangwa, na nimeshawaeleza hiyo namba huzaliwa saa ngapi, kwa hivyo mwenye kukuuzia mapema anakuuzia mtoto ambaye mama yake hajabeba mimba. Kuna anayekwambia tuma elfu tano akuwekee jina. Kuomba kwenyewe kwa KUCCPS ni shilingi 1,500 na unaifanya mwenyewe kwa simu ama kwa saiba yoyote ya mtaa. Dadangu alikuwa karibu kutuma hizo elfu tano. Nilichukua simu nikaiweka mfukoni hadi chai ikaisha.

Hapa lazima niwe mkweli, maana ni rahisi mimi niliyemaliza kusema watoto wasiogope. Hofu iko na mizizi, ila imepandwa shamba la jirani. Kwa miaka mingi mwanafunzi wa serikali alilipa 16,000 kwa mwaka, awe anasoma udaktari ama historia. Kuanzia 2023 kila kozi iko na bei yake, halafu familia yako inawekwa kwa bendi kulingana na venye mtambo umepima umaskini wenu, na ile sehemu inayobaki ni yenu, na kuna mkopo juu yake. Huo mfumo umepelekwa kortini ukarudishwa, wazazi wameandamana na kuandika barua, na hadi leo nikiuliza shemeji wako bendi gani ananiangalia tu. Kwa hivyo mtoto akibofya kozi, anabofya na deni lake. Hapo sijamsikia hata mara moja akiniamsha usiku kuniuliza.

Na huko mbele je? Udaktari ni miaka sita, halafu mwaka mmoja wa intanishipu ndo upate leseni. Mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, kuanzia Machi hadi Mei, na moja ya mambo makubwa ilikuwa hao hao vijana wa intanishipu: makubaliano ya 2017 yalisema walipwe 206,400 kwa mwezi, serikali ikasema iko na 70,000. Wengine walikaa nyumbani miezi na miezi wakingoja kupelekwa hospitali. Hao vijana ni kina nani? Ni wale wale wa A na A-. Ni wale waliopita juu ya katofu, picha zao zikapigwa shuleni wamebebwa juu juu. Walivuka geti lililotunyima usingizi wote, wakakuta foleni nyingine ndefu zaidi na hiyo haina namba kwa websaiti. Nadhani tunaogopea hapa Januari kwa sababu ndo mahali pekee tumepewa namba ya kuogopa.

Kuna na hii ya jina la chuo, ambayo Nairobi tunaiabudu na tunajifanya hatuiabudu. Mpwa wangu akisema anataka hapa Nairobi, nusu ni kwa sababu Kenyatta ndo hospitali kubwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kimefundisha madaktari tangu 1967, hizo ni sababu na naziheshimu. Nusu nyingine ni kwamba wenzake wa darasa watakuwa hapa na yeye hataki kuonekana amepelekwa mbali. Lakini Moi wanafundisha madaktari, Maseno wanafundisha, Egerton, JKUAT, KU, na leseni inatolewa na baraza moja, na mimi katika maisha yangu yote ya kuumwa sijawahi kusikia mgonjwa akiuliza daktari alisomea wapi kabla ya kutoa shati.

Ndo maana siku hizi ninachouliza watoto ni chaguo la pili. La kwanza wote wanajua kulielezea, wanakupa hadi picha ya koti jeupe. La pili waliliandika kwa sekunde kumi na tano wakiwa wamekasirika, kitu chochote, ilimradi potali ikubali kuendelea. Nimeona kijana wa mtaa wetu aliyekosa uhandisi akaitwa kozi ambayo hakukumbuka kama aliiandika, akaenda, akakaa mihula miwili, akarudi nyumbani, na hadi leo anasema alionewa na kompyuta. Kompyuta ilisoma alichoandika. Wakati wa kubadilisha ulifunguliwa, yeye alikuwa bado kwa maombolezo ya uhandisi.

Kama pointi ya mwisho ni habari ya watu wa jana, basi huwezi kuweka mayai yote kwa kikapu cha jana. Angalia miaka mitatu minne ya hiyo kozi, si mmoja. Angalia iko na viti vingapi, maana viti vichache mstari unarukaruka na viti vingi unatulia. Weka pale unapohitaji bahati kama roho inataka, mimi siwezi kukuzuia, bahati pia huwa ya watu, lakini chini yake weka mahali umepita kwa pointi mbili na ambapo ungeenda ukiwa umetabasamu. Hiyo ya kutabasamu ndo ngumu. Inamlazimu mtoto afikirie kitu gani hasa alikipenda kwa ule udaktari, ni watu, ni dawa, ni maabara, ama ni lile neno daktari tu likitajwa kanisani. Mpwa wangu alinyamaza muda mrefu nilipomuuliza. Halafu akasema kwa sauti ya chini, nikifikiri anatania, kwamba anapenda sana ile sehemu ya kujua mtu anaumwa nini. Kutibu hakufikirii sana. Nikamwambia hiyo pia ni kazi na ina kozi zake, za maabara, na hazina kelele. Akaandika mahali.

Jumamosi nikaenda kwao Umoja tukaijaza. Stima ilikuwa imepotea tukatumia bando yangu na mwanga wa dirisha. Udaktari hapa Nairobi juu, hilo hakukubali liguswe. Chini yake udaktari Maseno, chini yake sayansi za maabara za kitiba mahali amepita vizuri. Dadangu alisimama nyuma yetu na kikombe cha chai ambacho hakukinywa. Shemeji akachungulia, akasoma ile ya pili, akafikiria kidogo, akauliza, sasa kule Kisumu nani tunamjua?

Usiku, saa saba kasoro, simu ikaita. Nilijua ni yeye kabla sijaangalia. Anko, akasema, na sauti yake haikuwa ya kulia safari hii, ilikuwa ya mtu anayepiga hesabu. Na kama wote walioogopa Nairobi nao wameandika Maseno?

Nikawasha taa, nikakaa kitandani.